Neno Walilonisifia Siku ya Mahari

Siku ambayo familia ya mume wangu walikuja kijijini kwetu Idsowe kuzungumza mahari, nilikuwa nimevaa sweta ndani ya gauni. Ilikuwa mwezi wa pili. Anayeijua Delta ya Tana mwezi wa pili hahitaji kuelezwa, na asiyeijua nimwambie tu kwamba mwezi huo hata kuku wetu hukaa kivulini na mabawa wazi, na hawana nguvu za kufukuzana. Chini ya gauni, pamoja na sweta, nilikuwa na shuka la kitanda lililokunjwa mara nne na kufungwa kiunoni. Juu ya gauni nilijifunga leso mbili. Aliyenivalisha hivyo ni shangazi yangu, dada yake baba, ambaye alinilea tangu mama alipofariki. Alinizunguka mara mbili, akanitazama usoni, akasema, "Sasa mashavu tutafanyaje?" Mashavu hatukuwa na la kuyafanya.

Nieleze tulifikaje huko.

Mimi nilikuwa mwanamke mnene. Sisemi kwa majivuno wala kwa toba, ndivyo nilivyokuwa. Nilifundisha Kiingereza shule ya sekondari karibu na Garsen, na nilipoingia darasani ubao ulipungua kidogo kwa waliokaa upande wa dirisha. Nyumbani kwetu unene haukuwa habari mbaya. Nilipokuwa msichana narudi kutoka bweni, nyanya yangu alinifinya mkono kabla hata hajanisalimia, akasema, "Umenenepa," na jioni hiyo akachinja kuku. Kwake neno hilo lilikuwa na mambo mengi ndani yake: kwamba mto ulijaa kwa kiasi ukarudi, kwamba mpunga ulikomaa, kwamba huko shuleni sikunyanyaswa na mtu. Aliyerudi amekonda aliulizwa na kijiji kizima amefanywa nini.

Halafu ukaja ugonjwa ule ambao watu hawakutaka kuutaja, na neno "amekonda" likaanza kusemwa kwa sauti ya chini, mlango umefungwa. Miaka hiyo wanene walitembea kifua mbele. Jirani yetu mmoja alikuwa akienda Garsen siku ya soko bila kitu cha kuuza wala cha kununua, anazunguka tu na tumbo lake watu walione, kisha anarudi. Nami nilikuwa msichana mnono, na nilipendwa.

Nilipoanza kazi, mambo yalishageuka tena. Wasichana wa Garsen wenye simu kubwa walianza kuniita kibonge, wakicheka, na kwenye saluni moja karibu na stendi wakawa wanauza majani ya chai ya kupunguza tumbo. Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea pakiti siku ya mwisho wa muhula, kwa upendo kabisa. Mwili wangu ulikuwa ule ule. Wao ndio waliokuwa wakihama.

Kisha nikaanza kukohoa.

Sikujali. Vumbi la chaki, nilisema. Nikaanza kupungua. Sketi nikaikaza kwa pini moja, baadaye pini mbili, baadaye nikaacha kuivaa. Na jamani, sijawahi kusifiwa maishani mwangu kama miezi ile! Walimu wenzangu walinisimamisha mlangoni. "Mwalimu, umeslim! Umependeza!" Naibu wa mwalimu mkuu alitaka kujua siri. Karani wa shule alinipa karatasi na kalamu nimwandikie ninakula nini asubuhi, nini mchana, nini jioni. Nikamwandikia. Asubuhi chai kavu, mchana nusu sahani, jioni sijisikii. Aliibandika karatasi hiyo ukutani juu ya mashine ya kutoa nakala, na kwa ninavyojua aliifuata kwa siku nne.

Mtu mmoja tu hakunisifu. Ni yule niliyekuwa nimekubaliana naye kuoana, fundi wa pampu za maji huko Hola. Alikuwa akija Garsen kila mwisho wa mwezi. Siku moja tulikuwa hotelini, samaki na wali, akanisikiliza nikikohoa tangu sahani ilipowekwa mpaka ilipoondolewa ikiwa bado imejaa. Hakusema nimependeza. Alisema, "Kesho twende Hola." Tukaenda. Hospitalini wakachukua makohozi, wakatuambia tungoje, wakarudi na jibu. Ilikuwa TB.

Nilimeza vidonge miezi sita, kila asubuhi, bila kuruka hata siku moja, kwa sababu fundi yule alinipigia simu kila asubuhi saa kumi na mbili na kunisikiliza nikimeza. Huyo ndiye mwanamume niliyemtaka, na sioni haya kusema nilimtaka sana. Mwisho wa miezi sita wakapima tena, wakaandika kwenye kadi kwamba nimepona. Nilikuwa nimepona kweli, ila nyama zilikuwa bado hazijapata habari. Nilibaki mifupa na macho.

Hapo ndipo likaja suala la mama yake.

Wao ni Wagiriama waliohamia Delta tangu enzi za babu yake, wakulima wa mpunga na mahindi kama sisi, upande wa chini wa mto. Mama mtu alikuwa mjane. Kaka mkubwa wa mchumba wangu aliwahi kuoa, na mke huyo alikonda, akakonda, akafa, akaacha mtoto mchanga ambaye naye hakukaa. Tangu msiba huo mama alitamka mbele ya watoto wake wote kwamba mwanamke aliyekonda hataingia tena nyumbani kwake. "Mleteni mwenye mwili," alisema, na hakuna aliyethubutu kumwuliza zaidi. Mchumba wangu ndiye kitinda mimba, na mke wake ndiye angeishi na mama huyo. Aliniambia wazi kwamba hawezi kuleta mke katika nyumba ambayo mama yake hatamkubali. Sikumlaumu. Ningekuwa na mama, nami ningesema hivyo hivyo.

"Basi tumwambie ukweli," alisema. "Kadi si unayo?"

Mimi ndiye niliyekataa. Niliogopa. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu na nilikuwa nimeshaona jinsi watu wanavyosogeza viti wakisikia umewahi kuugua TB. Nilimwambia asubiri mpaka mwili urudi. Lakini wazee hawakusubiri mwili, walishapanga tarehe. Shangazi naye aliniunga mkono kwa moyo wote. "Kule mnadani Garsen umewahi kumsikia mtu akianza kwa kusema ng'ombe wake aliumwa?" aliniuliza. "Ingia kwanza. Utanenepea huko huko." Kwa hesabu yake, kufikia Krismasi ningekuwa nimerudi kama zamani na hakuna ambaye angekumbuka. Picha iliyotumwa kwa wakwe ilikuwa ya miaka miwili nyuma, siku ya wazazi shuleni, nikiwa nimejaa fremu yote peke yangu.

Mpango ulikuwa rahisi. Kwetu msichana anayezungumziwa hukaa jikoni na hasikiki sauti yake. Huitwa mara moja tu, mwishoni, aulizwe kama anawajua wageni hawa, aitike, arudi ndani. Dakika moja, pengine moja na nusu. Sweta na shuka zilitosha kwa dakika moja na nusu.

Wageni wakafika saa nne, watu wanane, wakaketishwa chini ya turubai. Mama mtu alipewa kiti cha mwisho, upande wa wanawake. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, amejitanda leso, mikono mapajani. Nilimwona kupitia fito za ukuta wa jikoni, nikarudi nyuma.

Upande wetu msemaji alikuwa baba mkubwa, kaka yake marehemu baba. Mtu anayeoa kwetu hutozwa faini kwa kila kosa kabla mazungumzo hayajaendelea: ukikaa kabla ya kukaribishwa, faini, ukianza kusema bila kuomba ruhusa, faini. Faini yenyewe ni vitu vya nyumbani, leso, sukari, jogoo, na watu hucheka wakilipa. Baba mkubwa hakuwa akicheka. Alikuwa amewahi kumtoza mtu kwa kupiga miayo. Wageni walikuwa wameonywa, kwa hiyo wakaja na msemaji aliyesoma, mjomba wa mchumba wangu, mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi. Alivaa koti na tai kwenye joto lile. Tulikuwa wawili tunaoteseka, ila yeye alijitakia.

Na alianza vizuri. Aliomba ruhusa ya kusimama, akaomba ruhusa ya kusema, akaisalimu nyumba kwa jina la Bwana. Nusu saa nzima baba mkubwa hakupata pa kumkamata, na nilimwona akianza kukosa raha. Kisha mwalimu mkuu akaona uwanja ni wake, akashika ncha za koti na kuingia kwenye Kiingereza. Walikuwa wamesikia, alisema, kwamba katika boma hili kuna binti aliyesoma, anayemcha Mungu, na ambaye pia, kama picha ilivyowaonyesha, ni buxom.

Mwiko uliniponyoka ukaingia kwenye sufuria ya mchuzi.

"Amesema nini?" shangazi akaninong'oneza.

"Amenisifu."

"Sasa mbona umeshika kichwa?"

Nikachungulia nje. Baba mkubwa alikuwa amenyoosha mkono juu, kama askari wa trafiki.

"Simama hapo hapo, mwalimu mkuu. Kusoma tumesikia. Kumcha Mungu tumesikia. Hilo la mwisho ni nini?"

"Ni neno la sifa, mzee wangu."

"Sifa ya nini?"

"Ya... ya binti kwa ujumla."

"Ujumla hauna picha. Umesema picha iliwaonyesha. Iliwaonyesha nini?"

Mwalimu mkuu akapangusa shingo. Alieleza kwamba ni neno la heshima, la vitabu, ambalo Kiswahili hakina sawa yake. Kwa baba mkubwa hilo ndilo lilikuwa kosa lenyewe, kwa sababu mtu anayekusifu kwa lugha usiyoijua anaweza pia kukutukana kwa lugha hiyo hiyo na ukamshukuru. Akamwamuru binamu yangu mmoja alitafute neno kwenye simu. Binamu akaenda kusimama kando ya choo, maana ndipo mtandao unaposhika, akarudi akiwa ameinamisha kichwa. Simu haikuleta maelezo. Ilikuwa imeleta picha ya mwanamke.

Baba mkubwa akavaa miwani. Aliitazama picha ile kwa muda mrefu kuliko uchunguzi ulivyohitaji.

"Huyu ni nani?"

"Sijui, baba mkubwa. Ni mfano tu."

"Na wazazi wake wanajua?"

Akavua miwani, akasimama, akatangaza kwamba endapo neno hili ni la kumwangalia binti yake kwa namna hiyo, mazungumzo yamekwisha, wageni watakunywa maji waende, na wakitaka kurudi, warudi baada ya mavuno. Wazee wa upande wao wakaanza kunung'unika. Mchumba wangu akataka kusema, wakamvuta shati akaketi, kwa sababu bwana harusi naye haruhusiwi kusema. Nikasahau hata joto. Baada ya mavuno ilikuwa miezi mingi, na katika miezi mingi mama mtu angeletewa wengine wenye mwili wao wenyewe.

Hapo mwalimu mkuu, aliyekuwa anazama, akauliza, "Kwani hapa hakuna mwalimu wa Kiingereza?"

Watu wakatazamana. Alikuwepo mmoja. Alikuwa jikoni.

Walibishana kuhusu jambo hilo kama robo saa. Binti anayezungumziwa hasemi, hiyo ndiyo mila, na wazee wawili wa kwetu walishikilia hapo. Aliyelitatua ni baba mkubwa mwenyewe. "Hatumwiti bi harusi," alisema. "Tunamwita mwalimu. Mwalimu aje, afundishe, arudi. Asimsalimie mtu, na mtu asimsalimie." Kila mtu aliona kwamba hilo ni sawa.

"Usigeuke upande," shangazi akaniambia akinikaza leso. "Na usichukue muda."

Sijui alitegemea nini. Mimi ni mwalimu.

Nikatoka nikasimama mbele ya turubai, watu ishirini na kitu wananitazama, jasho linashuka mgongoni kupitia sufu. Ilitokea kwamba neno lile nililijua vizuri mno. Miaka ya nyuma mwanafunzi mmoja alilitumia katika insha akimwelezea mwalimu mkuu wetu wa kike, na kabla ya kuamua adhabu niliingia stoo ya shule kutafuta kamusi moja nene isiyo na jalada, ambayo mchwa walikuwa wameila kuanzia herufi ya S kwenda mbele. B ilikuwa salama.

Kwa hiyo nikawaeleza kama ninavyoeleza kidato cha pili. Nikasema hapo zamani sana neno hilo lilitokana na neno la kuinama. Mtu aliyeitwa hivyo alikuwa mtu anayekubali kupinda, mtiifu, asiyebisha. Nikasema hata kanisani kwao, enzi hizo, bibi harusi aliapa mbele ya kasisi kwamba atakuwa hivyo kwa mumewe.

Wazee wa upande wao waliitikia kwa vichwa, wameridhika. Jikoni shangazi alicheka mpaka kifuniko cha sufuria kikaanguka.

"Endelea," baba mkubwa akasema.

Nikaendelea. Mtu mtiifu huwa mpole, kwa hiyo neno likahamia kwenye upole. Mpole hupendeza kukaa naye, likahamia kwenye uchangamfu. Mchangamfu huonekana ana afya, likahamia kwenye afya. Mwenye afya machoni pa watu wa siku hizo alikuwa aliyenenepa, na likakaa hapo kwenye unene kwa muda mrefu, unene mzuri, wa shavu na mkono. Halafu wanaume wakaendelea kulitumia. Neno lilianza mgongoni, nikasema, na siku hizi limeishia kifuani.

"Kifuani," baba mkubwa akarudia.

"Ndiyo, baba mkubwa. Kwa wanawake peke yao. Mtu mstaarabu halisemi sana mbele ya wakwe."

Zogo likazuka. Mwalimu mkuu alisimama na tai imepinda. "Mimi niliishia kwenye afya!" alilia. "Wazee wangu, Mungu ni shahidi, mimi neno hili nilisoma kitabuni, nikaishia kwenye afya!"

"Uliishia kwenye afya ukiwa unatazama wapi?" baba mkubwa akamwuliza.

Watu wakaangua kicheko, wa kwetu na wa kwao, hata wale wawili wa mila. Baba mkubwa akatoza pea moja ya leso na kilo nne za sukari, na kwa jinsi alivyoketi nilijua ameipata siku yake. Mambo yalikuwa yamekwisha. Nilikuwa nimesimama pale dakika kumi badala ya moja na nusu, na hakuna aliyesema kitu. Nikageuka nirudi jikoni.

"Mwalimu."

Ilikuwa sauti ya chini. Mama yake alikuwa hajacheka. Alikuwa amekaa vile vile, mikono mapajani, na ananitazama shingo.

"Abee, mama."

"Hilo neno. Na wewe uko hivyo?"

Shangazi akakohoa jikoni, kikohozi cha kunionya, ambacho kwa siku ile na kwa ugonjwa ule hakikuwa na msaada wowote. Mchumba wangu aliinuka nusu, mjomba wake akamkalisha. Nilimwangalia, naye akaniangalia, na nikaona wazi kwamba nikisema uongo hatanisuta, atabeba uongo huo nami nyumbani kwa mama yake miaka yote, anyamaze. Lo, nilijionea haya. Mtu aliyenisikiliza nikimeza vidonge miezi sita, na mimi najifunga shuka kiunoni kumdanganya mama yake.

"Hapana, mama," nikasema. "Nilikuwa hivyo. Picha ni ya zamani."

Nikafungua leso ya kwanza, nikafungua ya pili. Shuka halikungoja kufunguliwa, lilishuka lenyewe likakaa miguuni. Nilimsikia binamu yangu akisema "Ebo!" na kuzimwa na mtu. Baba mkubwa alifungua mdomo, akatafuta faini ya jambo hilo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuipata.

"Kwa ruhusa yenu," mwalimu mkuu alianza, "labda niseme..."

"Wewe kaa," mama mtu akamwambia. Akaketi.

Akaja mpaka nilipokuwa. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani, kichwa chake kilinifika begani. Akanishika mkono juu ya kiwiko, juu ya gauni na sweta, akauzungushia vidole. Vidole vilikutana.

"Ulikuwa na nini?"

"TB, mama. Nimemaliza dawa. Wamenipima, nimepona. Kadi iko ndani."

"Mwanangu anajua?"

"Ndiye aliyenipeleka hospitali."

"Na mimi sikuambiwa."

"Alitaka kukuambia. Mimi ndiye niliyemkataza. Niliogopa ungenikataa."

"Ningekukataa," akasema.

Hakuwa na hasira, alikuwa ananijibu tu. Lakini hakuuachia mkono. Alitazama chini, kwenye shuka, na alipoanza kusema hakuwa akisema na mkutano. Alikuwa akisema nami, kwa sauti ile ile ya chini, ingawa kila mtu alisikia.

"Yule wa kwanza, mke wa kaka yake, alikuja kwangu mnene," akasema. "Akaanza kupungua. Mimi nilikuwa nimesikia wasichana wa siku hizi wanataka kuwa wembamba. Nikamwambia umependeza, mwanangu. Kila nikimwona nikamwambia. Umekuwa msichana tena, nikamwambia. Anacheka, anajifunika mdomo. Nikadhani ni haya. Kumbe alikuwa anazuia kikohozi."

Mchumba wangu alikuwa amefunika uso kwa mikono miwili.

"Nilimsifu mpaka wiki aliyokufa," akasema. "Asingeweza kuniambia. Ningekuwa yeye, nami nisingesema. Unamwambiaje mtu anayekusifu?"

Nilikuwa nalia, na kwa kuwa mkono mmoja alikuwa ameushika, machozi yalijiendea tu.

"Usiku unatokwa jasho?" akaniuliza.

"Sasa hivi hapana, mama. Liliacha."

"Chakula kinapita?"

"Kinapita kidogo kidogo."

"Unakohoa?"

"Sikohoi."

Alisikiliza kidogo, kama vile alitaka kuhakikisha.

"Ukiwa kwangu," akasema, "siku ukikohoa, hata mara moja, hata ikiwa ni pilipili, utaniambia. Mimi kwanza, kabla ya mumeo. Nikiwa shambani utanifuata shambani. Nikiwa nimelala utaniamsha."

"Nitakuambia, mama."

Akanitazama usoni, kwenye yale mashavu, kwa muda mrefu.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena.